Je, wajua kwa nini mwendeshaji wa kinu cha nyuklia hupewa leseni kwa jina lake mwenyewe?

Tarehe 31 Machi 1987, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi NRC, iliamuru kituo cha Peach Bottom katika jimbo la Pennsylvania kisitishe kazi mpaka itakapotoa ruhusa tena. Hakuna kinu kilicholipuka. Waliopewa dhamana ya kukesha na kinu usiku walikuwa wakilala kwenye zamu, na wengine wakicheza michezo ya video na kurushiana mipira ya karatasi ndani ya chumba cha udhibiti. Kituo kilikaa takriban miaka miwili kabla ya kuwashwa tena. Mwaka 1988 kampuni iliyokiendesha, Philadelphia Electric, ilipigwa faini ya dola milioni 1.25. Kisha NRC ikawageukia waendeshaji wenyewe: zaidi ya 30 waliandikiwa faini kwa majina yao, kati ya dola 500 na 1,000 kila mmoja.

Hilo la mwisho ndilo linalohitaji maelezo. Kwa kawaida mfanyakazi akizembea kiwandani huadhibiwa na mwajiri wake. Iweje serikali imruke mwajiri na kumfuata mtu wa zamu?

Jibu limo katika leseni. Kwa sheria ya Marekani kuna leseni ya kituo, anayopewa mwenye kampuni, na kuna leseni ya mtu. Hakuna anayeruhusiwa kugusa vidhibiti vinavyoongeza au kupunguza nguvu ya kinu ila mwenye leseni hiyo ya pili, au mwanafunzi aliyesimamiwa naye hapo hapo. Mkurugenzi wa kampuni, hata awe ndiye anayelipa mishahara yote, akiingia chumba cha udhibiti bila leseni haruhusiwi kugusa chochote. Daraja ni mbili: mwendeshaji, na mwendeshaji mwandamizi ambaye anaweza kuwaongoza wenzake. Tena leseni ya udereva itakuruhusu kuendesha gari lolote la daraja lako, lakini hii hutaja kituo chenyewe. Ukihamia kituo kingine unaanza upya.

Ukali huu una sababu ya kimaumbile. Kituo cha gesi ukikifungia mafuta, moto unazimika na hadithi imeisha. Kinu cha nyuklia hakizimiki hivyo. Ukishusha fito za udhibiti, mpasuko wa atomi unasimama ndani ya sekunde chache, lakini mabaki ya mpasuko huo yanaendelea kutoa joto, mwanzoni kiasi cha asilimia 6 au 7 ya nguvu yote iliyokuwepo. Kinu kinachozalisha megawati 1,000 za umeme hutoa takriban megawati 3,000 za joto. Kwa hiyo dakika kinapozimwa kinabaki na joto la megawati kama 200, linalopungua polepole kwa saa na siku, na lisipoondolewa kwa maji linatosha kuyeyusha kiini cha kinu, yaani sehemu yenye mafuta ya nyuklia. Ndiyo maana kiti cha mbele ya vidhibiti hakiachwi wazi hata kidogo.

Kufika kwenye kiti hicho ni safari ndefu. Mafunzo huchukua mwaka na nusu au zaidi, kisha unakuja mtihani wa maandishi ambao alama ya kufaulu ni asilimia 80, na mtihani wa vitendo katika chumba cha kuigizia. Hicho ni nakala ya chumba cha udhibiti cha kituo kile kile, swichi kwa swichi, taa kwa taa, na mtahini hukuharibia mambo makusudi ili aone utafanya nini. Leseni hudumu miaka 6, na katikati yake hakuna kupumzika: mtihani wa vitendo kila mwaka, wa maandishi kila baada ya miaka miwili, na uchunguzi wa daktari kila miaka miwili. Asiyefanya zamu za kutosha katika kila robo ya mwaka, yaani angalau saba za saa 8 au tano za saa 12, leseni yake inalala na haruhusiwi kukaa mbele ya vidhibiti mpaka aandaliwe upya.

Sheria inaingia hadi mwilini na nyumbani kwake. Kama daktari aliandika kwamba lazima avae miwani, miwani hiyo ni sharti la leseni, na vituo vimewahi kuandikiwa makosa kwa sababu ya masharti ya afya kama hayo. Ugonjwa mpya wa kudumu unaogusa uwezo wake wa kazi sharti NRC ijulishwe ndani ya siku 30. Akitiwa hatiani mahakamani kwa kosa kubwa la jinai, muda ni huo huo, na ni yeye mwenyewe anayepaswa kutoa taarifa. Pombe hairuhusiwi ndani ya muda wa saa 5 kabla ya zamu iliyopangwa, na vipimo vya dawa za kulevya hufanywa kwa kushtukiza. Saa za kazi nazo zina mipaka: zisizidi 16 ndani ya saa 24, wala 72 ndani ya siku 7. Sharti hili la saa nalipenda kuliko mengine, kwa kuwa linakubali ukweli ambao waajiri wengi hawapendi kuukubali, kwamba mtu mwaminifu akichoka naye hukosea.

Lakini jukumu zito kuliko yote ni kuzima kinu. Kinu cha megawati 1,000 kikisimama siku nzima, kampuni inakosa kuuza uniti milioni 24 za umeme. Hasara hiyo anaweza kuisababisha mwendeshaji kwa mkono wake, na akiona dalili za hatari anatakiwa aisababishe bila kungoja simu kutoka makao makuu. Zaidi ya hapo, kanuni za NRC zinasema kwamba katika dharura, ikiwa masharti yaliyoandikwa hayatoshi kuwalinda wananchi, yanaweza kukiukwa, mradi hatua hiyo iidhinishwe na angalau mwendeshaji mwandamizi mwenye leseni. Hebu fikiria uzito wa ruhusa hiyo: katika kazi iliyojaa kanuni kuliko karibu kazi yoyote duniani, uamuzi wa mwisho ameachiwa mtu aliye zamuni. Leseni ingekuwa mali ya kampuni, kampuni ingeweza kumnyamazisha. Kwa kuwa ni yake, anaweza kumwambia bosi wake hapana, na kwa sababu hiyo hiyo anaposinzia anajibu yeye.

Na adhabu? Kampuni inaweza kutozwa zaidi ya dola 300,000 kwa kosa moja kwa kila siku linapoendelea. Kwa mtu binafsi, NRC huanza na barua rasmi ya kosa, ambayo katika taaluma ndogo kama hii humfuata popote. Inaweza kubadilisha masharti ya leseni yake, kuisimamisha au kuifuta, au kutoa amri ya kumzuia kufanya kazi yoyote ya nyuklia inayosimamiwa nayo kwa miaka kadhaa. Faini kwa mtu mmoja mmoja, kama za Peach Bottom, ni nadra. Anayekutwa na dawa za kulevya mara ya kwanza huzuiwa kuingia kwa siku zisizopungua 14, mara ya pili miaka 5, mara ya tatu maisha. Anayejaribu kudanganya kipimo, kwa mfano kwa kuleta mkojo wa mtu mwingine, hufungiwa maisha mara moja. Anayevunja kanuni kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai: hadi miaka 2 jela, na hadi miaka 20 akithibitika kuwa alinuia kuidhuru nchi.

Kati ya kukosea na kudanganya kuna mpaka, na ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, inauonyesha vizuri. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, vali moja ilikwama wazi na maji ya kupoozea kinu yakaanza kutoka. Waendeshaji walipunguza maji ya dharura wakidhani kinu kimejaa, na takriban nusu ya kiini ikayeyuka. Ukisikia hivyo utataka wafungwe. Lakini taa iliyokuwa mbele yao ilionyesha kwamba vali imeamriwa kujifunga, si kwamba imejifunga kweli. Na Septemba 1977 vali ya namna hiyo ilikuwa imekwama wazi katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, bila onyo juu ya tukio hilo kuwafikia watu wa zamu kwingine. Kesi ya jinai iliyofuata haikuwa ya makosa ya alfajiri ile. Mwaka 1984 Metropolitan Edison, kampuni iliyokuwa ikiendesha kituo hicho, ilitiwa hatiani kwa kughushi vipimo vya uvujaji wa maji kabla ya ajali. Nao waendeshaji wawili waandamizi wa kituo hicho walibainika kudanganya katika mtihani wa leseni wa mwaka 1981, na huo haukuwa tena uchovu wala taa yenye kupotosha.

Usovieti ilishika njia nyingine. Baada ya mlipuko wa Chernobyl wa tarehe 26 Aprili 1986, watu sita, wengi wao wakuu na wahandisi wa kituo, walihukumiwa mwaka 1987, watatu kati yao miaka 10 kila mmoja. Makosa yalikuwepo. Hata hivyo fito za kinu kile zilikuwa na kasoro: katika hali fulani, zikianza kushuka ziliongeza nguvu badala ya kuipunguza, na watu wa zamu hawakuwa wameelezwa. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 1992 ndiyo iliyoweka wazi uzito wa kasoro hiyo. Kwangu mimi kumbebesha mtu lawama ya siri aliyofichwa ni dhuluma, na pia hakumlindi yeyote.

Jambo hili linaanza kutugusa. Kenya ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia mwaka 2019 na inapanga kituo chake cha kwanza. Mjadala umekuwa juu ya mahali, kwanza Uyombo huko Kilifi, ambako wakazi waliandamana, kisha Siaya. Ni haki yao kuuliza kuhusu ardhi na bahari. Waulize pia juu ya mtu wa zamu: leseni yake itatoka kwa nani, nani ataweza kuifuta, na nani atamlinda siku akizima kinu na wakubwa wakakasirika.

Marekani imejibu swali hilo la mwisho kwa sheria. Mfanyakazi wa kituo cha nyuklia aliyefukuzwa au kushushwa cheo kwa sababu alisema kuna hatari ana siku 180 za kupeleka malalamiko Wizara ya Kazi, na akishinda anarudishwa kazini na kulipwa mshahara aliopoteza. Bosi aliyemwadhibu naye anaweza kuandikiwa kosa na NRC.