Timu ya Wembanyama kule Ufaransa ilikwenda wapi?

Victor Wembanyama, Mfaransa anayechezea San Antonio Spurs kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akizuia mitupo minne mitano usiku mmoja, asubuhi lazima kijana aniulize: ile timu yake ya Ufaransa inacheza lini? Haichezi. Metropolitans 92 imekufa, na kwa sisi tunaochambua mpira wa kikapu, ugonjwa wake ulisomeka kwenye jina.

Mwaka 2007 Paris Basket Racing iliungana na timu ya Levallois, mji mdogo uliopakana na Paris, ikazaliwa Paris-Levallois. Klabu za huko haziishi kwa tiketi tu. Halmashauri za miji hutoa ruzuku, na mara nyingi ukumbi pia. 2013 wakabeba Kombe la Ufaransa. 2017 jiji la Paris likafunga mkoba, neno "Paris" likang'oka: Levallois Metropolitans. 2019 mji wa karibu, Boulogne-Billancourt, ukaingia na fedha zake, jina likarefuka: Boulogne-Levallois Metropolitans 92. Hiyo 92 ni namba ya wilaya ya Hauts-de-Seine. Ukitaka kujua nani analipa, soma jezi.

Halafu ukaja msimu wa 2022–23. Wembanyama, mita 2.24, baba yake mwenye asili ya Kongo, alifunga pointi 37 dhidi ya G League Ignite, timu ya vipaji vichanga ya ligi ndogo ya NBA, huko Henderson, kando ya Las Vegas. Siku mbili baadaye akaongeza 36. NBA ikaanza kuonyesha mechi za timu hiyo kwenye programu yake ya simu. Fikiria: dunia nzima inatazama timu ambayo ukumbi wake wa nyumbani, Marcel-Cerdan, hauchukui zaidi ya watu 4,000! Kwenye fainali ya ligi ya Ufaransa mechi yao ya nyumbani ikahamia uwanja wa tenisi wa Roland-Garros, na Monaco wakawashinda kwa mechi 3-0. Wiki moja baadaye, klabu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, San Antonio wakamchukua Wembanyama namba moja; mwenzake Bilal Coulibaly akaitwa wa saba. Kocha Vincent Collet naye akaondoka.

Waliobaki waliburuza mkia. 2024 klabu ikashuka daraja, na badala ya kuanza upya Pro B, ligi ya daraja la pili, ikajiondoa kwenye ligi za kulipwa.

Neno "Paris" lenyewe halikukosa jezi. Lilikuwa limeshahamia Paris Basketball, iliyoanzishwa 2018 na kuingia Pro B kwa kuchukua nafasi ya klabu ya Hyères-Toulon. 2025 hao ndio wakawa mabingwa wa Ufaransa.