Nyongeza ya Aprili Uingereza: kwa nini asilimia inayotangazwa si ile inayoingia benki

Kila vuli, takwimu za mishahara na bei zikishatoka, watu huichukua asilimia inayotajwa kwenye habari na kuipigia hesabu kila kitu wanacholipwa na serikali ya Uingereza. Hesabu hiyo mara nyingi hukosea, kwa kuwa mafao, yanayopandishwa kila Aprili, hayapandi kwa kipimo kimoja.

Pensheni ya serikali hufuata kanuni ya vigezo vitatu, maarufu kama triple lock. Inachukuliwa namba kubwa kuliko zote kati ya ongezeko la wastani wa mishahara wa Mei hadi Julai, mfumuko wa bei wa Septemba, na 2.5%. Kwa mwaka 2026/27 mishahara ndiyo iliyoshinda kwa 4.8%, mfumuko ukiwa 3.8%. Pensheni mpya kamili, ya waliofikisha umri wa kustaafu kuanzia 6 Aprili 2016, imetoka pauni 230.25 kwa wiki hadi 241.30.

Sasa angalia barua yako ya mwaka. Waliochangia chini ya mfumo wa zamani wanaweza kuwa na kiasi kilicholindwa juu ya pensheni kamili, na hicho hupanda kwa mfumuko wa bei peke yake. Tuseme mwaka jana ulikuwa unapata pauni 260.25: 230.25 za pensheni kamili na 30 zilizolindwa. Zile 230.25 zinapanda 4.8% na kuwa 241.30, zile 30 zinapanda 3.8% na kuwa 31.14. Jumla ni 272.44, ongezeko la karibu 4.7%. Hujaibiwa. Pia pensheni hulipwa baada ya wiki nne kupita, kwa hiyo malipo ya kwanza ya Aprili yanaweza kuchanganya wiki za kiwango cha zamani na za kipya.

Posho za watu wa umri wa kufanya kazi hazina kinga hiyo ya vigezo vitatu. Sheria ya mwaka 1992 inamtaka waziri azipitie kila mwaka akilinganisha na bei. Za ulemavu lazima zipande. Nyingine nyingi anaweza kuziacha akiona hali ya uchumi hairuhusu. Na Bunge linaweza kuzigandisha kwa sheria, kama ilivyokuwa 2016 hadi 2020, posho nyingi zilipogandishwa miaka minne mfululizo bei zikiendelea kupanda.

Kasoro kubwa ya utaratibu mzima ni kuchelewa. Mfumuko wa Septemba 2021 ulikuwa 3.1%, na ndio uliotumika Aprili 2022, mwezi ambao mfumuko halisi ulikuwa umefika 9%. Hata wastaafu waliangukia 3.1% mwaka huo: kigezo cha mishahara kiliondolewa kwa muda, kwa hoja kwamba takwimu zake zilivurugwa na janga la korona. Pengo lilifidiwa Aprili 2023 kwa nyongeza ya 10.1%, lakini anayenunua umeme na unga kwa mkopo haishi kwa fidia ya mwaka ujao.

Kwa wanaopokea Universal Credit, posho kuu ya watu wa umri wa kufanya kazi wenye kipato kidogo, kiwango kipya huanza na kipindi cha tathmini (mwezi mmoja wa kukokotoa malipo) kinachoanza siku ya mabadiliko au baada yake. Kipindi chako kikianza tarehe 5, na mabadiliko yakawa 6 Aprili, utasubiri kipindi cha 5 Mei hadi 4 Juni, na pesa utaziona takriban wiki moja baadaye. Wengine hawazioni kabisa. Kikomo cha jumla ya mafao, pauni 25,323 kwa mwaka kwa familia ya London na 22,020 nje yake, hakipandi chenyewe kila Aprili. Aliyekwisha kukifikia huongezewa mkono mmoja na kukatwa kwa mwingine.

Wanaofikiria kurudi Mombasa au Dar es Salaam kustaafu wasome hapa kwa makini. Kenya na Tanzania hazimo katika nchi ambako Uingereza hupandisha pensheni. Utalipwa, ila kiwango kitaganda pale kilipokuwa ulipohama, au ulipoanza kulipwa ukiwa tayari huko. Aliyeanza kupokea pensheni mpya kamili akiwa Mombasa mwaka 2016 bado anapata pauni 155.65 kwa wiki. Mwenzake aliyebaki Leicester anapata 241.30. Wastaafu walilifikisha suala hili katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2010.

Ukirudi Uingereza kuishi, unarejeshewa kiwango cha sasa. Ukienda kutembelea tu, unaweza kudai kiwango hicho kwa muda uliopo nchini, lakini ni juu yako kuijulisha ofisi ya pensheni za nje na kutunza tiketi na mihuri ya pasipoti kama ushahidi wa tarehe. Ukiondoka tena, unarudi kwenye kiwango kilichoganda.