Cheti chako kinamwambia nini mwajiri?

Tangu uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa Tanzania wa mwaka 2017, ofisi yetu haijaacha kupokea lalamiko lile lile: "Kazi naijua, cheti ni karatasi tu." Tunaelewa uchungu wa anayesema hivyo, ila amekosea.

Kwenye usaili wewe unajijua, mwajiri hakujui. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alionyesha kwamba elimu inaweza kuwa ishara ya uwezo hata pale isipomwongezea mtu ujuzi wowote kazini, ilimradi kuipata kumgharimu zaidi asiyeweza kuliko anayeweza. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Ugumu wa kukipata ndio unaokifanya cheti kiaminike. Anayekinunua kichochoroni ameukwepa. Wakizidi watu wa namna hiyo, mwajiri hushindwa kuwatofautisha waombaji, na wote huwatilia shaka. Anayeumia ni mtoto wa mkulima aliyesoma kwa kibatari, asiye na mjomba wa kumpigia simu mkurugenzi.

Mwaka 2017 watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Kundi hili la pili bado linatuambia, "Sikughushi, nilitumia cha kaka yangu." Cheti ni halali, ila kinamsema kaka yako. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Katika uhakiki tunalinganisha namba ya mtihani, mwaka, majina kama yalivyosajiliwa shuleni, na alama za kila somo. Cheti kimoja cha kidato cha nne kililetwa kikiwa na muhuri safi kabisa na maneno "Daraja la Kwanza". Masomo saba bora yalikuwa na B mbili na C tano. B ni pointi 2, C ni pointi 3, jumla 19. Pointi zikiwa chache ndiyo bora, na Daraja la Kwanza mwisho wake ni pointi 17, kwa hiyo cheti hicho kilijisuta chenyewe.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 337, inatoa adhabu ya hadi miaka 7 jela kwa kughushi. Kifungu cha 342 kinampa adhabu hiyo hiyo anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo, kwa hiyo "sikukitengeneza mimi" si utetezi.

Wapo pia wanaonyamaza: "Cheti kimepotea," mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Ukimya nao ni taarifa. Mwenye alama nzuri huwa na haraka ya kuzionyesha, na mwajiri anajua hivyo. Kama kweli kimepotea, nenda kituo cha polisi uchukue taarifa ya upotevu, kisha wasilisha maombi Baraza la Mitihani ukitumia majina uliyofanyia mtihani, hata kama ulishayabadili baadaye.