"Narrate" maana yake nini, na hutumikaje

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta "narrate", utakuta simulia. Jibu ni sahihi, lakini linamwacha mwanafunzi njiani, kwa sababu hata "tell" mara nyingi hutafsiriwa vivyo hivyo, na vitenzi hivi viwili havibadilishani nafasi ovyo.

"Narrate" ni kueleza tukio, au mfululizo wa matukio, kwa mpangilio: lipi lilianza, lipi likafuata, mambo yaliishia wapi. Pasipo na tukio, kitenzi hiki hakina kazi. Kwa Kiingereza mtu huweza "tell" siri, uongo, ukweli au hata saa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokubali "narrate". Maoni hayasimuliwi, bei haisimuliwi. Husimuliwa safari, ajali, vita, maisha ya mtu, kwa kuwa vyote hivyo vina mwendo.

Ukishalishika hilo, sarufi yake nayo inaeleweka. "Tell" humwelekea msikilizaji: "Tell me a story", na anayeambiwa anakaa hapo hapo baada ya kitenzi. "Narrate" hulielekea tukio. Kwa hiyo "Narrate me a story" ni kosa. Husemwa "Narrate the story to me", msikilizaji akija nyuma kabisa, na mara nyingi hatajwi kamwe. Kosa hili linatunasa kirahisi wazungumzaji wa Kiswahili kwa sababu sisi tunampachika msikilizaji ndani ya kitenzi chenyewe: nisimulie, alitusimulia, wasimulie wenzako. Anayewaza "alinisimulia jinsi alivyookoka" huandika "he narrated me how he survived" bila kushtuka. Aandike "he told me how he survived", wala asione haya. "Tell" si neno la kitoto.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona wengi wakiikimbilia "narrate" wakidhani ndiyo inayoonyesha usomi. Magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki yanaipenda sana: shahidi "narrated" mahakamani, manusura "narrated" kilichomkuta. Kisarufi hakuna tatizo. Ila mzawa wa London katika mazungumzo ya kawaida angesema "told" au "described", maana kwake "narrate" ina harufu ya kitabu na filamu.

Asili yake ni Kilatini, narrare, kitenzi chenye undugu na gnarus, yaani mwenye kujua. Waingereza walichelewa kuikubali. Samuel Johnson, kwenye kamusi yake maarufu ya 1755, aliitaja kuwa ni neno linalotumika Uskoti tu. Hadi leo matamshi yanatofautiana: Waingereza wengi hukaza mwishoni, na-REIT, na Wamarekani wengi hukaza mwanzoni, NA-reit.

Matumizi yaliyo hai zaidi siku hizi ni ya sauti. David Attenborough, mtangazaji maarufu wa Uingereza, anapo-"narrate" filamu ya wanyama, kinachosemwa ni kwamba sauti yake ndiyo inayoandamana na picha. Si lazima awe amemwona simba yule, wala si lazima kila sentensi awe ameitunga yeye. Wanaosoma vitabu vya kusikiliza nao huitwa "narrator", ingawa kazi yao ni kusoma maandishi ya mwingine. Programu ya Windows inayowasomea wasioona yaliyomo kwenye skrini inaitwa Narrator, nayo imekuwapo tangu Windows 2000. Haina hadithi yoyote ya kutoa. Ni sauti inayofuata kinachotokea, basi. Lakini mtangazaji wa mpira, ambaye naye sauti yake hufuata matukio, ha-"narrate". Kiingereza kimempa kitenzi chake, "commentate", kwa kuwa mechi bado inaendelea na mwisho wake haujulikani.

Kwetu wapo waliochukua kazi ya sauti mbali zaidi ya hapo. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walipata majina kwa kuweka Kiswahili chao juu ya filamu za nje, wakieleza, wakitania, wakimshauri hata shujaa wa kwenye picha. DJ Afro hutajwa kwa Kiingereza kama "movie narrator", na jina hilo naliona dogo kwake, maana anaongea na watazamaji muda wote.

Darasa la fasihi lina tahadhari yake. "Narrator" wa riwaya si mwandishi wake. Mwandishi ni mtu mwenye jina kwenye jalada; msimulizi ni sauti aliyoiunda, na sauti hiyo inaweza kuwa ya mtoto, ya marehemu, ya mwongo. Anayeandika kwenye mtihani kwamba mwandishi "anasema mama yake alifariki", kumbe ni msimulizi wa nafsi ya kwanza, anapoteza alama kwa haki.

Msimulizi huyo wa kwenye karatasi si mtambaji pia, yaani mtoa hadithi wa mdomo mbele ya watu. Mtambaji akisema "Paukwa!" husubiri "Pakawa!", na hadhira ikinyamaza hadithi haisongi mbele. "Narrate" haimsubiri mtu. Ndiyo maana nikilazimika kueleza kutamba hadithi kwa Kiingereza, naiacha "narrate" na kuchukua "tell".