Mpitiaji mwenza: nani anafaa kupima maombi ya ruzuku ya afya

Serikali ikitangaza ruzuku ya afya, fungu huwa moja na waombaji huwa mamia. Maofisa wa wizara hawawezi kuyasoma maandiko yote kwa undani unaotakiwa, na hata wangeweza, si vizuri anayeshika fedha awe ndiye anayepima nani anazistahili. Kwa hiyo huitwa watu wa nje, wanaoifanya kazi ileile inayoombewa fedha. Wanasoma, wanatoa alama, wanaandika sababu, wanaondoka. Hao ndio wapitiaji wenza.

Neno "mwenza" hapa limebeba mzigo kuliko linavyoonekana. Mwenza ni mtu wa shughuli moja nawe, mnayeelewana bila maelezo mengi. Lakini kila anayejua Kiswahili amesikia pia "mke mwenza", na anajua kwamba wenza wa namna hiyo wanagombea mtu mmoja. Maana zote mbili zinafaa. Mtafiti wa kifua kikuu ndiye anayeweza kukuambia kama andiko la utafiti wa kifua kikuu lina mantiki, na ndiye huyohuyo ambaye mwakani ataomba kutoka fungu lilelile. Kazi ya kusaka wapitiaji, ukiivua istilahi zake zote, ni kumtafuta mtu aliye karibu na jambo kiasi cha kulijua, na mbali nalo kiasi cha kutofaidika. Watu wa hivyo ni wachache kuliko unavyodhani, hasa kwenye maradhi ambayo wataalamu wake wote wanafahamiana kwa majina.

Nachukua mfano wa Marekani kwa sababu kanuni zake zimeandikwa na kila mtu anaweza kuzisoma. Huko kuna ruzuku za aina mbili kubwa, na watu huzichanganya. Kuna za utafiti, ambazo nyingi hupitia NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya. Halafu kuna za huduma: kuendesha vituo vya afya vijijini, kuwatibu watu wenye uraibu, kufundisha wakunga. Za huduma hutolewa na idara kama HRSA, inayoshughulikia huduma na wahudumu wa afya, na SAMHSA, ya uraibu na afya ya akili. Mpitiaji anayefaa upande mmoja anaweza asifae kabisa upande wa pili.

Upande wa utafiti mambo yana mizizi mirefu. Kitengo cha NIH kinachoratibu mapitio kilianza mwaka 1946. Wapitiaji hukaa kwa majopo, na kila jopo lina ofisa wake, mwanasayansi mwenyewe, ambaye kazi yake ni kusoma maombi yaliyoingia, kujua yanahitaji ujuzi gani, kisha kuanza kupiga simu na kuandika barua pepe. Andiko moja hugawiwa kwa kawaida wapitiaji watatu. Kila mmoja anatoa alama kuanzia 1 hadi 9, na hapa mgeni hukosea: 1 ndiyo bora, 9 ndiyo mbaya. Yaliyopata alama dhaifu, pengine nusu ya yote, hayajadiliwi hata kidogo kikaoni. Yanayobaki hujadiliwa, jopo zima linapiga kura, wastani unazidishwa kwa 10, na mwombaji anapata namba kati ya 10 na 90. Baadaye baraza la ushauri la taasisi husika huangalia tena kabla fedha hazijatoka. Maana yake mpitiaji hatoi fedha. Anatoa hukumu ya ubora, na wengine ndio wanaoandika hundi.

Upande wa huduma alama kwa kawaida hujumlishwa hadi 100, zikigawanywa kwa vigezo vilivyotajwa kwenye tangazo lenyewe: mahitaji ya eneo, mpango wa kazi, uwezo wa asasi, bajeti. Mpitiaji hapimi kama wazo ni jipya duniani. Anapima kama watu hawa, kwa fedha hizi, mahali hapa, watafanya walichoahidi. Ili kulijua hilo, shahada tatu zinaweza zisikusaidie kama hujawahi kuajiri muuguzi kwenye mji ambao hauna nyumba ya kupanga.

Ndiyo maana swali la "nani ana sifa" ni gumu. Watu wengi hukimbilia vyeo: profesa, daktari bingwa, mkurugenzi. Cheo ni rahisi kukiona kwenye wasifu, na ofisa aliyechoka anaweza kujificha nyuma yake. Mimi naona mfano unaofundisha zaidi ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia, yaani jeshini. Mwaka 1992, baada ya shinikizo la wanawake waliokuwa wameugua saratani ya matiti, Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 210 za utafiti wa ugonjwa huo na kuzipitisha kwenye Jeshi la nchi kavu. Kufikia mwaka 1995, waliougua wenyewe walikuwa wamewekwa kwenye majopo, kando ya wanasayansi, na kura zao zinahesabika sawa na za maprofesa. Mwanasayansi anaweza kuona jaribio la dawa limepangwa vizuri sana. Aliyepitia tibakemikali anauliza: mnataka mgonjwa aje kutolewa damu mara tatu kwa wiki, nani atamleta? Swali hilo linaweza kuuangusha mradi, na pengine ndilo lililostahili kuuangusha, kwa sababu utafiti usiopata wagonjwa haufiki popote hata takwimu zake zipangwe vipi.

HRSA na SAMHSA nazo husaka watu wa namna hiyo: wauguzi, watu wa afya ya jamii, walioishi na uraibu wakatoka, wanaoishi na VVU, wanaozijua jamii za mashambani. Wanajiandikisha kwenye hazina ya majina, wanataja ujuzi wao, wanasubiri kuitwa pale tangazo linalowahusu litakapotoka.

Sasa ule upande wa pili, wa kuwa mbali. Wahenga walishasema kesi ya ngedere hapewi nyani. Kanuni za Marekani zinasema hivyohivyo kwa lugha ya sheria. Ukiwa umeajiriwa na taasisi inayoomba, hupimi ombi lake. Ukiwa na ndugu ndani ya ombi, hupimi. Ukiwa umefanya kazi kwa karibu na mwombaji ndani ya miaka mitatu iliyopita, hupimi. Ukiwa unalipwa na taasisi ile zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, hata kwa jambo lisilohusiana na ombi, hupimi. Ikifika zamu ya andiko lenye mgongano wa masilahi nawe, unatoka chumbani, au kwenye kikao cha video unatolewa hadi wamalize. Na ili serikali isijipimie yenyewe, watumishi wake hawaruhusiwi kuzidi robo ya jopo la kisayansi.

Angalia linalotokea ofisa anapoanza kupiga simu. Ana andiko kuhusu ugonjwa adimu wa damu kwa watoto. Jina la kwanza kwenye orodha yake ni bingwa wa ugonjwa huo, lakini amechapisha makala na mwombaji mwaka juzi. La pili yuko chuo kimoja naye. La tatu naye ameomba katika mzunguko uleule, andiko lake liko kwenye rundo hilohilo. La nne anasema angependa sana ila ana zamu za wodi mwezi mzima. La tano halijibu barua pepe. Akifika la tisa au la kumi anampata mtu wa damu ya watu wazima, anayejua magonjwa ya jirani na hili. Je, huyo ana sifa? Kwa kiasi. Hapo ofisa anamtafutia mwenzake wa pembeni, labda mtakwimu, labda daktari wa watoto, ili anachokosa mmoja kipatikane kwa mwingine. Jopo zuri halitengenezwi na mabingwa watupu. Linatengenezwa na watu ambao mapengo yao hayako mahali pamoja.

Kwa nini wanakataa? Kazi ni kubwa na malipo ni posho tu. Ombi la kawaida la utafiti NIH lina kurasa 12 za mkakati wa utafiti peke yake, bila bajeti, wasifu na viambatisho, na mpitiaji hapewi moja. Anasoma usiku, wikendi, kwenye treni. Tena lazima asome mwenyewe: tangu mwaka 2023 NIH imekataza wapitiaji kuingiza maandiko kwenye programu za akili bandia, kwa kuwa andiko la mtu ni siri na ukishalipakia huko hujui limeishia wapi. Wanaokubali wengi hutaja sababu ileile, na ni ya kweli. Ukishakaa upande wa pili wa meza mara moja, namna unavyoandika ombi lako mwenyewe hubadilika kabisa. Ndiyo maana mwaka 2011 NIH ilianzisha mpango wa kuwaingiza majoponi watafiti wachanga ambao hawajawahi kupitia. Wanapewa maandiko machache na kujifunza kazi wakiwa ndani.

Hata ukipata watu safi, wajuzi na wenye nafasi, usidhani mizani itakaa sawa. Mwaka 2018 watafiti waliwapa wapitiaji 43 maandiko 25 yaliyokwisha kuwasilishwa NIH, na wapitiaji wa andiko moja hawakukubaliana kuhusu ubora wake kwa kiwango chochote cha maana. Mmoja aliona uzuri pale mwingine alipoona udhaifu. Na mwaka 2011 utafiti mwingine ulionyesha kwamba waombaji weusi Marekani walikuwa nyuma ya weupe kwa pointi 10 za asilimia katika kupata ruzuku za NIH, hata baada ya kulinganisha elimu na machapisho yao. Anayechagua wapitiaji, kwa hiyo, anachagua pia macho yatakayotazama, na macho yanayofanana huona mambo yanayofanana.

Jambo jingine ambalo wasifu haukuonyeshi ni kama mtu anajua kuandika maoni. Maoni mabaya yana sura yake: "Mpango mzuri, ila uboreshwe," halafu alama 60 kati ya 100. Mwombaji hajui arekebishe nini, na wakala wa serikali hawezi kuitetea alama hiyo mtu akilalamika. Maoni yanayofaa yanasema: ombi linaahidi kuwafikia wajawazito 400 kwa mwaka, lakini bajeti ina mkunga mmoja wa nusu siku, na ukurasa wa 14 unasema gari liko moja. Hapo hata aliyenyimwa anaelewa. Maofisa wazoefu huwakumbuka wanaoandika hivyo na huwaita tena, na hilo nalo lina hatari yake, kwa sababu majina yaleyale yakizunguka miaka kumi, jopo linageuka kuwa klabu.

Mtu anayetaka kujiandikisha kwa kawaida huandika "mtaalamu wa afya ya jamii mwenye uzoefu wa miaka mingi", kisha anashangaa haitwi. Ofisa anayetafuta mtu wa ruzuku ya kutibu uraibu hatafuti maneno hayo. Anatafuta mstari unaosema: niliendesha kliniki ya methadoni kwa miaka sita, wagonjwa 200, wawili kati ya wahudumu wangu waliwahi kuwa wagonjwa wa hapohapo.