Mela si jina la mji

Tangu watu waanze kuulizia safari ya Nashik, India, ya mwaka 2027, dirisha letu la chanjo za wasafiri limekuwa likipokea fomu ambazo kwenye "mji unaokwenda" pameandikwa "Kumbh Mela", yaani mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa Kihindu. Tunaelewa nia ya mwandishi. Mji huo haupo.

Mela ni neno la Kihindi lenye asili ya Kisanskriti, kwenye mzizi mil, yaani kukutana. Mpenzi wa filamu za Kihindi ameshalisikia neno lililo ndugu yake bila kujua: watu wakiagana huambiana phir milenge, tutaonana tena. Kwa hiyo mela ni makutano tu. Dini huletwa na shughuli yenyewe. Kule Pushkar, Rajasthan, ngamia huuzwa mchangani huku mahujaji wakioga ziwani, siku zile zile. Kolkata wana mela ya vitabu. Waislamu wa Lahore wana Mela Chiraghan, mela ya taa, kwenye kaburi la walii Shah Hussain. Aliyewahi kutoka kwenye kasida za Maulidi ya Lamu akakimbilia mbio za punda hana haja ya kufafanuliwa.

Kumbh nayo ni mtungi. Husimuliwa kwamba miungu na mashetani waligombea mtungi wa maji ya uhai, matone yakadondoka Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Mela huzunguka miji hiyo minne kwa hesabu za falaki: sayari ya Mshtarii ikiingia nyota ya Ndoo, ambayo nayo huitwa Kumbh, zamu ni ya Haridwar, ikiingia Simba, ni ya Nashik au Ujjain.

Sasa cheti. Msafiri kutoka Kenya hutakiwa kuonyesha India cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Narudia: baada ya sindano, si siku ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akapanda ndege Ijumaa, mbele ya ofisa wa uwanja wa ndege hana cheti, hata kama kadi iko mkononi, na anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asihangaike kuchanjwa upya. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Jina la kwenye kadi lilingane na la pasipoti.

Na kwenye fomu, tafadhali, andika Nashik.