Je, wajua kwa nini vidole hufa ganzi mtu akipatwa na shambulio la hofu?

Mhasibu anafunga hesabu za mwisho wa mwezi. Simu inaita: bosi. Ghafla moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, pumzi hazitoshi. Mara vidole vinachomachoma kama vimejaa sindano, midomo inakufa ganzi. Wenzake wamemzunguka: "Presha hiyo! Mpepeeni! Vuta pumzi!" Mwenyewe ameshaamini anakufa.

Wengi hudhani hewa imemwishia. Kumbe amehema kupita kiasi.

Hofu ikipanda, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliieleza hali hii mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Angekuwa anakimbia kweli, misuli yake ingetengeneza hewa ya ukaa kwa wingi, na mapafu yangekuwa na kazi ya kuitoa. Lakini mhasibu wetu yuko kitini. Anahema kama mkimbiaji, miguu imetulia chini ya meza. Hewa ya ukaa inatoka haraka kuliko inavyotengenezwa, asidi ya damu inapungua, na kalsiamu iliyo huru ndani ya damu inashuka. Hapo neva huwa nyepesi kushtuka, zinatuma habari bila kuguswa na chochote. Ndiyo ganzi hiyo. Mishipa ya damu ya ubongo nayo husinyaa, kizunguzungu kikaja juu yake. Muda wote huo oksijeni imo tele.

Kwa hiyo "vuta pumzi" ni ushauri wa nia njema uliokosea njia. Cha kufanya ni kutoa: vuta kidogo kwa pua, kisha toa polepole kwa mdomo, kama anayepuliza makaa ya jiko bila kutaka majivu yaruke. Ule mtindo wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi achana nao. Kama kumbe ni pumu au moyo, unaongeza balaa. Kwa kawaida shambulio hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hulegea lenyewe. Ila likiwa la kwanza nenda hospitali, kwani maumivu ya kifua hayapimwi na watu wa ofisini.

Inabaki ile simu. Mhasibu akianza kuizima kila mwisho wa mwezi, atapata nafuu siku hiyo, lakini ubongo utakuwa umejifunza kwamba mlio wenyewe ndio hatari. Mwezi ujao hata simu ya jirani ikiita, adrenalini inamwagika.